Kuanza ufundi mitambo Tanzania: mwongozo kamili, kuanzia kuchagua fani hadi kazi ya kwanza

Mzazi anapomleta mtoto chuoni asome ufundi mitambo, huuliza kwanza ada, halafu ajira. Maswali yote mawili ni ya haki. Lipo la tatu ambalo ndilo linaloamua kama kijana atatoka fundi au atatoka na cheti tu: huyu mtoto atashika chuma saa ngapi kwa wiki, na nani atasimama karibu yake akimwangalia mkono? Nimeandika mwongozo huu kwa kijana aliyemaliza darasa la saba au kidato cha nne, kwa mzazi wake, na kwa yule ambaye tayari yuko karakana ya mtaani akifagia na kushikilia taa, naye anataka kujua njia ya kupanda.

Hatua ya kwanza: jua unaingia fani gani

Watu wakisema "ufundi wa mashine" huwa wanachanganya kazi kama tano. Fundi mitambo hufunga mashine, huzifungua, huzipanga zikae sawa na kuzitengeneza zikiharibika: pampu, kompresa, sanduku la gia, konveya, mitambo ya kusaga. Mkerezaji hutengeneza kipuri chenyewe kwenye mashine ya kukereza, ile ambayo mafundi wengi huiita lethi. Mchomeleaji huunda na kuunganisha vyuma. Fundi wa mitambo mizito hushughulika na matingatinga, malori na jenereta. Yupo pia wa majokofu na viyoyozi, ambaye nusu ya kazi yake ni umeme.

Ushauri wangu kwa asiyejua aende wapi ni aanze na ufundi mitambo au ukerezaji. Misingi yake, yaani kupima, kuchora mistari kwenye chuma, kupiga tupa, kutoboa na kusoma mchoro, inatumika katika fani zote nyingine. Aliyeanzia hapo akihamia kuchomelea hahangaiki. Aliyeanza kwa kuchomelea mageti bila kujifunza kupima hupata shida siku anapopewa kazi ya kiwandani.

Jua pia madaraja yanavyotajwa kwenye matangazo ya kazi, hasa ya serikali. Fundi mchundo ni mwenye cheti cha ufundi stadi. Fundi sanifu ni mwenye stashahada. Mhandisi ni mwenye shahada aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Anayeanza leo huingilia ngazi ya fundi mchundo au huelekea moja kwa moja kwenye ufundi sanifu, na njia za kufika huko zinatofautiana.

Hatua ya pili: chagua njia ya kuingilia

Njia inayofahamika zaidi ni VETA, mamlaka ya elimu na mafunzo ya ufundi stadi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994. Mafunzo yake hupimwa kwa ngazi tatu, Ngazi ya Kwanza, ya Pili na ya Tatu, na kwa kawaida kila ngazi huchukua mwaka mmoja. Waliosoma zamani walipata Trade Test Daraja la Tatu hadi la Kwanza, ndiyo maana bado utasikia mafundi wazee wakisema "nina gredi wani". Maombi kwa kawaida hutangazwa katika nusu ya pili ya mwaka na masomo ya kozi ndefu huanza Januari, kwa hiyo anayesubiri hadi Desemba ndipo aulize fomu amechelewa. Ada ya vyuo vya VETA kwa miaka mingi imekuwa shilingi 60,000 kwa mwaka kwa mwanafunzi wa kutwa na 120,000 kwa wa bweni. Kinachowashangaza wazazi ni vitu vya pembeni: ovaroli, buti, vifaa vya mkononi, nauli na chakula cha mchana. Omba orodha ya mahitaji chuoni mapema, na upange fedha hizo kabla ya ada yenyewe.

Zanzibar ina mamlaka yake, Mamlaka ya Mafunzo ya Amali, yenye vituo Mwanakwerekwe, Mkokotoni na Vitongoji. Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi navyo hufundisha fani za ufundi huko wilayani, na kwa kijana wa kijijini huenda kikawa ndicho chuo pekee anachoweza kukifikia bila kupanga chumba mjini.

Mwenye ufaulu wa kidato cha nne katika masomo manne, yakiwamo ya sayansi na hisabati, anaweza kwenda moja kwa moja kusomea ufundi sanifu: Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, ambayo chimbuko lake ni taasisi ya ufundi iliyofunguliwa mwaka 1957, Chuo cha Ufundi Arusha, au Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya. Hapa ngazi huitwa NTA, unaanzia ya 4 na kumaliza ya 6, ambayo ni stashahada, kwa miaka mitatu. Tangu mwaka wa masomo 2023/24 Bodi ya Mikopo imekuwa ikikopesha pia wanafunzi wa stashahada katika baadhi ya fani, basi usikate tamaa kabla hujauliza.

Njia ya tatu ni mtaani. Eneo la Gerezani jijini Dar es Salaam, maeneo ya SIDO (shirika la viwanda vidogo) mikoani, na karakana nyingi zisizo na bango zimelea mafundi hodari kwelikweli, watu wanaoweza kukukerezea shafti ya mashine ya kusaga kwa kuangalia iliyokatika. Upungufu wa njia hii ni makaratasi, kwa sababu mlinzi wa getini kiwandani hawezi kuona ujuzi ulio mkononi. Dawa yake ipo: VETA huendesha urasimishaji wa ujuzi kwa waliojifunza nje ya mfumo rasmi. Unajiandikisha katika chuo chenye fani yako, wapimaji wanakuona ukifanya kazi na kukuhoji, unajazilizwa pale penye pengo, kisha unapata cheti. Kwa fundi aliyekaa karakanani miaka mingi hii ni njia bora kuliko kurudi darasani kuanza upya, na ninawahimiza mafundi wenye vijana chini yao wawapeleke hata kama wanaogopa kuwapoteza.

Ipo pia programu ya serikali ya kukuza ujuzi, inayosimamiwa na ofisi inayoshughulikia kazi na vijana, ambayo hutoa mafunzo ya uanagenzi, yaani kujifunza ukiwa kazini, bila ada pale nafasi zinapotangazwa. Nafasi hizo hutangazwa kwa muda mfupi, basi mwenye shida ya ada azifuatilie kupitia halmashauri yake. Na kwa aliye na mtoto anayeingia kidato cha kwanza, mtaala mpya ulioanza Januari 2024 una mkondo wa amali, ambapo mwanafunzi anasoma fani ya ufundi pamoja na masomo ya sekondari.

Hatua ya tatu: kakague karakana kabla hujalipa

Hapa ndipo watu wengi hupita haraka, na hapa ndipo ningependa uchelewe. Usichague chuo kwa rangi ya jengo wala kwa tangazo. Nenda siku ya kazi, si Jumamosi, omba kuona karakana, na uangalie haya.

Angalia chini ya mashine za kukereza. Mashine inayotumika ina chenga za chuma, mafuta mabichi na tepe za chuma zilizojikunja. Mashine safi iliyofunikwa turubai katikati ya muhula ni ya kuonyeshwa wageni. Hesabu jiriwa, yaani vibanio vya kushikia chuma, zilizofungwa kwenye meza na ulinganishe na idadi ya wanafunzi wa mwaka wa kwanza: wanafunzi watatu kwa jiriwa moja inavumilika, wanane ni kutazamana tu. Omba kuona kazi zilizofanywa na wanafunzi muhula uliopita. Chuo kinachofundisha kweli hakitakosa rafu ya vipande vya chuma vyenye namba za wanafunzi, vingine vimeharibika, vingine vizuri. Uliza stoo: vyuma vya mazoezi hununuliwa na nani, na vikiisha inakuwaje? Ukijibiwa kwamba mwanafunzi hujitafutia, weka gharama hiyo kwenye hesabu yako.

Kisha ongea na mwanafunzi mmoja mwalimu akiwa mbali. Muulize swali moja: wiki iliyopita ulitengeneza nini? Akishindwa kujibu, umepata jibu.

Kwa chuo cha binafsi, hakikisha usajili wake NACTVET, baraza la taifa linalosimamia vyuo vya ufundi, na hakikisha kwamba fani unayoitaka yenyewe imesajiliwa, maana chuo kinaweza kuwa na usajili wa ushonaji na kompyuta huku kikitangaza ufundi mitambo.

Hatua ya nne: jiandae kabla ya Januari

Hesabu zinazohitajika mwanzoni si ngumu, ila lazima ziwe zimekaa: desimali, sehemu, uwiano, kipenyo na mzingo wa duara, pembe za pembetatu mraba. Zoea kufikiri kwa milimita. Fundi wa chuma hasemi sentimita mbili na nusu, anasema 25. Kama ulisoma kwa Kiswahili hadi darasa la saba, anza mapema kuzoea majina ya Kiingereza ya vifaa, kwa sababu michoro na vitabu vya mashine huandikwa hivyo, ingawa karakanani mtaongea Kiswahili.

Vifaa vya kununua mwenyewe ni vichache: rula ya chuma ya milimita 300, guniya ndogo ya kupimia kona mraba, miwani ya kukinga macho, buti zenye chuma mbele, na daftari gumu. Venia kalipa, kifaa cha kupimia unene na kipenyo, ikiwezekana, na ikiwa ya bei nafuu iwe ya kusoma kwa jicho, si ya betri. Vilivyobaki chuo kikupe.

Hatua ya tano: miezi ya jiriwa na tupa

Wanafunzi huja wakitaka mashine, na mwalimu huwapa kipande cha chuma na tupa. Wiki ya pili manung'uniko huanza. Naomba uamini kwamba mwalimu anayekushikilia hapo anakutendea wema.

Kazi ya kawaida ya mwanzo ni kipande cha chuma laini, tuseme unene wa milimita 10, kilichokatwa kwa msumeno kikubwa kidogo kuliko kinachotakiwa, nawe ukifikishe 60 kwa 60, kingo zote zinyooke na kona ziwe mraba. Jiriwa iwe usawa wa kiwiko chako. Ukitumia mkono wa kulia, mguu wa kushoto utangulie, mwili uegemee mbele kidogo, na nguvu itoke kiunoni, si begani. Tupa hukata inapokwenda mbele tu, kwa hiyo wakati wa kuirudisha ilegeze. Anayesugua mbele na nyuma kwa nguvu ileile anaua meno ya tupa.

Siri iko kwenye kugawa uzito wa mikono. Mwanzo wa msukumo mkono wa kushoto, ulio kwenye ncha, ndio ubebe zaidi. Katikati mikono ilingane. Mwishoni wa kulia ndio ukandamize. Usipofanya hivyo tupa inabembea na kingo zinaliwa kuliko katikati, chuma kinatoka na mgongo. Hilo ni kosa la kila anayeanza. Ili uone palipoinuka, piga tupa kwa mshazari kutoka kushoto, kisha geuza mshazari kutoka kulia: alama mpya zitaonekana tu pale panapoguswa. Halafu simamisha guniya juu ya ukingo na uinue kuelekea dirishani. Mwanga ukipenya pande zote mbili na katikati pakaziba, una mgongo. Ukipenya upande mmoja, umeinamisha. Rudi kwenye jiriwa, piga pale tu palipo juu, pima tena. Paka meno ya tupa chaki ya ubaoni ili chenga zisinase na kuchana uso wa kazi, na uisafishe kwa brashi ya waya.

Upande wa kwanza ukishanyooka, huo ndio upande wa rejea. Wa pili unapimwa kwa guniya kutoka kwake, na vipimo vyote vingine vinachorwa kutoka kwenye pande hizo mbili. Wanafunzi wengi hupima upande wa tatu kutoka kwa wa pili na wa nne kutoka kwa wa tatu, makosa yanajilimbikiza, halafu wanashangaa kona ya mwisho imetoka wapi.

Hatua ya sita: kupima

Ukiniuliza ni somo gani moja limalizwe hadi liingie mifupani, nitakwambia kupima. Kiwandani hakuna anayekuuliza ulipata alama ngapi. Wanakupa shafti na kukuuliza ni ngapi.

Kwenye venia ya kawaida yenye usahihi wa 0.02, mistari 50 ya kipimo kidogo, kile kinachoteleza, imekaa kwenye nafasi ya milimita 49. Soma kwanza milimita kamili kabla ya sifuri ya kipimo kidogo, kisha tafuta mstari wa kipimo kidogo unaolingana kabisa na mstari wowote wa kipimo kikubwa. Sifuri ikiwa imepita 24 na mstari wa 31 ndio unaolingana, ongeza 31 mara 0.02, yaani 0.62, unapata 24.62. Maikromita ni sahihi zaidi. Kila mzunguko mmoja ni nusu milimita, na duara lake lina mistari 50, kwa hiyo kila mstari ni 0.01. Ukisoma 12.5 kwenye mhimili na 37 kwenye duara, kipimo ni 12.87. Kosa linalorudiwa mno ni kuiacha ile nusu milimita kwenye mhimili, na matokeo yake kipimo kinasomeka pungufu kwa nusu nzima.

Kabla ya kupima, funga maikromita ikiwa tupu uone kama inasoma sifuri. Futa kazi. Zungusha kwa kile kitufe cha nyuma kinacholia, usikaze kwa nguvu kama unayefunga bolti. Pima sehemu tatu, maana shafti iliyochakaa huwa haina unene mmoja. Na chuma kilichotoka kwenye mashine kikiwa cha moto huwa kimetanuka, kiache kipoe.

Hatua ya saba: tundu, thredi na mashine

Ukitaka kutengeneza thredi, yaani meno ya bolti, ndani ya tundu, ukubwa wa drili unapatikana kwa kutoa hatua ya thredi (umbali kutoka jino hadi jino) kwenye kipenyo cha bolti. M6, yaani bolti ya milimita 6, yenye hatua ya milimita 1 inahitaji tundu la 5. M8 yenye hatua ya 1.25 inahitaji 6.75, na drili inayotumika ni 6.8. M10 yenye hatua ya 1.5 inahitaji 8.5. Piga alama ya katikati kwa senta panchi, toboa kwanza kwa drili ndogo, kisha kubwa. Tapu, chombo cha kukatia thredi ndani ya tundu, isimame wima, uihakikishe kwa guniya baada ya mizunguko miwili ya kwanza, utie mafuta, na uende nusu mzunguko mbele, robo nyuma, ili chenga zikatike. Tapu iliyovunjikia ndani ya kazi inaweza kukugharimu siku nzima.

Kwenye mashine ya kukereza na ya kutoboa, mwanafunzi mzuri hatambuliwi kwa ujasiri bali kwa kuhesabu mwendo kabla ya kuwasha. Kanuni ni moja: chukua kasi ya kukata kwa mita kwa dakika, zidisha kwa 1000, gawanya kwa kipenyo cha milimita kilichozidishwa kwa 3.14. Kwa chuma laini na kisu cha kawaida cha hai spidi (chuma kigumu cha kukatia), anza na mita 25. Shafti ya milimita 40 itazunguka takriban mara 200 kwa dakika. Drili ya milimita 10 ni karibu 800. Ndiyo maana drili kubwa ikikimbizwa kwa mwendo wa drili ndogo inabadilika rangi na kuwa ya bluu, na ikishafika hapo makali yake yamekwisha.

Usihame kutoka zoezi la kukereza nje kwenda kukata thredi kabla hujaweza kufikisha kipimo ulichopewa mara tatu mfululizo. Mwalimu akikuharakisha kwa sababu ya ratiba, omba muda wa jioni.

Usalama, tangu siku ya kwanza

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri akukinge, na OSHA, wakala wa serikali wa usalama kazini, ndiyo inayokagua. Ila mashine haisubiri mkaguzi. Glovu ni marufuku kwenye mashine yoyote inayozunguka, ya kukereza na ya kutoboa, kwa sababu ikinaswa inakwenda na mkono. Mikono ya ovaroli ibane au ikunjwe, nywele zifungwe, hijabu na kilemba viingizwe ndani ya ovaroli, pete na saa zibaki kwenye kabati. Ufunguo wa kukazia kazi hautoki mkononi mwako hadi umeutoa kwenye chaki ya mashine, ile sehemu inayoshika kazi: mashine ikiwashwa ufunguo ukiwa umo, unarushwa na unaweza kuua. Chenga haziondolewi kwa mkono bali kwa brashi au kulabu.

Grainda ndiyo iliyojeruhi vijana wengi mtaani. Usiondoe kinga yake ili uweke diski kubwa zaidi. Diski huandikwa mwendo wake wa juu. Ya milimita 115 mara nyingi huvumilia mizunguko 13,300 kwa dakika, na kubwa huvumilia pungufu ya hapo. Ukiifunga kubwa kwenye mashine ndogo umeikimbiza kupita uwezo wake, nayo hupasuka vipande mbele ya uso wako. Vaa miwani hata kwa kazi ya sekunde tano.

Wasichana wanakuja kwenye fani hii, na wanapaswa kuja zaidi. Mzazi, mtafutie binti yako ovaroli ya saizi yake na buti za saizi yake, maana nguo kubwa za kuazima ni hatari karibu na mashine. Muulize pia mkuu wa chuo kuhusu vyoo na chumba cha kubadilishia nguo kabla hujalipa.

Hatua ya nane: fildi

Mafunzo ya vitendo viwandani ndiyo mlango wa ajira kwa wengi, na wengi huyapoteza kwa kuchelewa. Andika barua miezi mitatu kabla, uipeleke mwenyewe kwa afisa rasilimali watu na nakala kwa mkuu wa matengenezo, maana huyo wa pili ndiye anayejua kama anahitaji mikono. Lenga mahali penye mashine nyingi za aina tofauti: viwanda vya saruji, vya sukari, vya vinywaji, karakana ya reli Morogoro, mamlaka za maji zenye pampu kubwa. Kiwanda kidogo chenye fundi mmoja mzee mkarimu kinaweza kukufundisha zaidi ya kampuni kubwa itakayokupa kiti ofisini.

Ukiwa huko, jifunze beringi. Karibu kila mashine inayozunguka husimama juu yake. Namba iliyoandikwa ubavuni inasema mengi: tarakimu mbili za mwisho, kuanzia 04, zidisha kwa 5 upate kipenyo cha tundu. Beringi ya 6205 ina tundu la milimita 25, nje 52, upana 15. Chini ya hapo 00 ni 10, 01 ni 12, 02 ni 15, 03 ni 17. Unapoifunga kwenye shafti, sukuma pete ya ndani tu, kwa bomba lenye kipenyo kinachoikalia. Ukipiga pete ya nje, nguvu inapitia kwenye vidude vya mviringo na kuacha alama ndogo, beringi inaanza kulia baada ya muda mfupi na watu wanasema vipuri ni feki. Ikihitaji joto, tumia bafu la mafuta au kipashio maalumu, usizidishe nyuzi 120, na moto wa gesi usiiguse beringi kabisa.

Halafu uliza kila mara kwa nini kipuri kimekufa. Anayebadilisha beringi bila kuuliza atarudi kuibadilisha mwezi ujao, kumbe shafti na mota hazikunyooshana, au mkanda ulikazwa kupita kiasi. Andika kwenye daftari: tarehe, mashine, dalili, ulichokuta, ulichobadilisha, vipimo. Daftari hilo ni tofauti na kitabu cha fildi unachosainiwa, na kwenye usaili lina uzito kuliko nakala ya cheti.

Hatua ya tisa: kazi ya kwanza

Jua majira. Viwanda vya sukari husimamisha uzalishaji mvua za masika zinapoanza, na kipindi hicho mashine zote hufunguliwa kwa matengenezo makubwa. Mafundi wa muda, wachomeleaji na wasaidizi huhitajika kwa wingi. Peleka barua Januari au Februari, si Aprili wakati vikosi vimeshapangwa. Viwanda vingine pia vina kipindi cha kusimama kwa matengenezo: ulizia kila kimoja. Kwa anayetaka migodini, VETA Moshi imekuwa na mafunzo ya mafundi wa migodi kwa ushirikiano na kampuni za madini, na ushindani wake ni mkali, hivyo matokeo ya sayansi yanahesabika.

Usaili wa fundi huwa na jaribio la mkono. Utapewa maikromita na shafti, au pampu iliyofunguliwa uifunge, au mchoro uueleze. Usikimbilie spana. Safisha meza, panga vipuri kwa mfuatano uliovitoa, kagua sifuri ya kifaa cha kupimia, na sema kwa sauti unachofanya. Anayekusaili huangalia mpangilio kabla ya jibu.

Ukipata kazi, hata ya kutwa, omba makubaliano ya maandishi na uulize kama mwajiri amesajiliwa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Ni swali la kawaida, liulize kwa heshima. Chuma kikikuumiza ndipo utakapojua thamani ya jibu lake.

Baada ya mwaka mmoja au miwili kazini, rudi ukafanye Ngazi ya Tatu kama uliishia ya Pili. Mwenye Ngazi ya Tatu na cheti cha kidato cha nne anaweza kuomba nafasi ya kuanza ufundi sanifu katika NTA 4, kwa masharti yaliyomo kwenye kitabu cha mwongozo wa udahili kinachotolewa na NACTVET kila mwaka. Kwa hiyo usitupe matokeo yako ya kidato cha nne hata kama yana D mbili tu, na usimwache aliyeishia la saba aamini kwamba mlango umefungwa: mtihani wa kidato cha nne unaweza kufanywa na mtahiniwa wa kujitegemea, akisoma jioni, huku mchana yuko kwenye jiriwa.